Nguvu na Mwendo

Difu ya lori ni kitu kisichoonekana. Hukaa chini ya mzigo, katikati ya ekseli ya nyuma, na dereva huikumbuka siku inapoanza kulia. Lakini ndiyo inayokata shauri kati ya nguvu na mwendo, ambavyo havikai nyumba moja.

Mkoani Katavi shauri hilo hurudi kila mavuno. Mpanda iko mita 1,100 hivi juu ya bahari. Sumbawanga, katika nyanda za Ufipa, iko mita 1,800 hivi. Lori litokalo Mpanda kwenda huko na magunia hupita tambarare za Sitalike kwa raha, kisha hukutana na milima.

Na afikiriwe mtu aliyetoa akiba ya miaka yake kununua lori kuukuu, lililozoea njia tambarare. Ndani ya difu yake mna gurudumu kubwa la meno 37, liitwalo krauni, na dogo la meno 8, liitwalo pinioni. Propela huzunguka mara 4.63 hivi ili magurudumu yazunguke mara moja. Tambarare lori lakimbia. Mlimani latweta, na utingo huruka chini na jiwe la kukinga gurudumu. Hushauriwa atie difu ya meno 37 kwa 6, yaani mizunguko 6.17 hivi. Nguvu magurudumuni itazidi kwa theluthi; mwendo, injini ikizunguka vilevile, utapungua kwa robo. Palipokuwa na kilomita 80 kwa saa patakuwa na 60. Nguvu haikuumbwa, imenunuliwa kwa mwendo.

Hapo jaribu humjia. Krauni zote mbili zina meno 37, naye anayo moja tayari. Kwa nini asinunue pinioni peke yake? Fundi mwaminifu hukataa. Kulingana kwa idadi si kulingana kwa umbo. Krauni na pinioni huchongwa zifuatane, husagwa pamoja kiwandani, na aghalabu hutiwa namba moja ili zisipotezane. Zikitenganishwa, hulia kwanza, kisha hulana. Hata jozi halali haifungwi kwa kukisia: fundi hupaka meno rangi, huyazungusha, hutazama alama. Ikiwa katikati ya jino, yamekutana. Ikiwa ukingoni, hufungua tena, akaongeza au akapunguza bati jembamba kando ya pinioni. Na lori lenye ekseli mbili zisukumazo halina budi kubadilishwa zote mbili, la sivyo zitashindana njia nzima mpaka moja ivunjike.

Mwenye mali husikia gharama tu katika maneno haya. Lakini meno hayo hayasukumi gari peke yake, huliziwia pia. Yakikatika mlimani, injini haishiki tena magurudumu. Husalia breki tu, kati ya tani za mahindi na utingo aliyeinama na jiwe lake. Pesa iliyookolewa Mpanda hudaiwa hapo, na adaiwaye si yule aliyeiokoa.

Heri magunia yangoje juma moja Mpanda, jozi ifike, namba zisomwe na kulinganishwa.