Mikono ya Mzee Yataka Kazi

Watu wengi hudhani ya kuwa mzee akiisha kula, kuoga na kupata mahali pa kulala, amepata yote anayoyahitaji. Mtoto mwenye adabu humletea sahani, hupiga magoti, kisha huenda zake. Mzee hubaki kitini mpaka jioni. Hana njaa wala hana baridi. Lakini hana jambo la kufanya, wala hakuna mtu wa kumwuliza neno. Huko ni kufa mtu angali hai.

Ni mwaka wa sita sasa, kila Jumatano na Jumamosi alasiri, mimi na wenzangu wachache wa parokia hukaa barazani pamoja na wazee wa mtaa wetu hapa Kalemie. Katika nchi kama Australia kazi hiyo ina watu walioisomea, nao hulipwa mshahara: huwatafutia wazee na wagonjwa shughuli za kuwachangamsha moyo, akili na viungo. Sisi hatuna diploma hiyo. Tuna baraza, mikeka, ubao wa kisolo, nyuzi za nyavu, na saa mbili za kukaa.

Wazee wetu si wa namna moja. Wako waliozaliwa mji huu ulipokuwa ukiitwa Albertville, wakafanya kazi bandarini, kwenye reli iendayo Kabalo, au katika kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambacho mashine zake zilinyamaza zamani. Wako waliokimbia vijiji vyao kwa ajili ya mapigano ya Watwa na Waluba yaliyopamba moto mwaka 2016. Wako waliohamishwa na ziwa lenyewe, maji yalipopanda mwaka 2020 na 2021 yakaziharibu nyumba za ufukoni. Mtu akihamishwa uzeeni hupoteza zaidi ya nyumba: hupoteza watu wajuao alikuwa nani.

Mimi ni mtu wa seminari na wa darasa. Nimezoea kengele, na kuuliza maswali ambayo majibu yake nayajua. Barazani kengele haipo, na majibu wanayo wao. Mzee mmoja, mfumaji wa zamani, ana ule ugonjwa wa kusahau ambao madaktari huuita Alzheimer. Jina la mjukuu wake humtoka mara tatu kwa saa moja. Lakini ukimpa uzi uliokatika, vidole vyake huunga fundo upesi kuliko macho yetu. Madaktari husema kwamba ujuzi wa mikono mara nyingi hudumu baada ya majina na tarehe kupotea. Tena, fundo la mfumaji na fundo la wavu ni fundo moja! Basi wavuvi wa ndakala hutuletea nyavu zilizotatuka, naye huziunga. Wavu ule ukirudi ziwani usiku, mzee ameshiriki kuulisha mji.

Mwaka 1963 daktari Mmarekani, Robert Butler, aliandika ya kuwa mzee anaporudia habari za zamani hapotezi wakati. Anayapitia maisha yake apate kuyapatanisha. Kwa hiyo nasikiliza hadithi mara ya ishirini kama mara ya kwanza, na mara nyingi ile ya ishirini huleta neno jipya.

Lakini aliyenibadili zaidi ni mjane mmoja aliyefika hapa na jamaa zake wakikimbia vita. Mtoto wa nyumba ile alipokufa kwa homa, watu walianza kunong'ona: macho yake mekundu, tena husema peke yake. Chakula chake kikawekwa nje. Nanyi mwajua neno "mchawi" laweza kumfikisha mzee wapi: kupigwa, kufukuzwa, hata kuuawa. Macho yale yaliharibiwa na moshi wa kuni, kwa miaka mingi ya kukausha samaki. Naye alisema peke yake kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusema naye.

Hatukwenda kuwahubiria. Tulimwomba mama yule awafundishe wasichana wa darasa la sita kusuka mikeka. Juma la kwanza walikuja wawili, wakakaa mbali. Yeye hakusema neno; alisuka polepole ili waone. Juma la tatu mmoja alikosea, naye akamshika mkono akamwelekeza. Msichana alitetemeka, kisha akatulia. Baada ya miezi mitano, mikeka sita ilikuwa imeuzwa sokoni, na mjane mwenyewe alizipeleka fedha nyumbani. Jioni moja mke wa mwanawe alikuja barazani kumwita: "Nkambo, twende tukale." Nkambo, yaani bibi, ni neno dogo, lakini mwaka mzima hakuna aliyemwita hivyo. Wako majirani wasiomsalimu mpaka leo. Hata hivyo analala ndani, na anakula chungu kimoja na wenziwe.

Nami nimepata nini? Nimejifunza kungoja. Mtoto mzito wa kujibu darasani, sasa namwachia kimya chake mpaka jibu lije. Na uzee, ambao ujanani huonekana kama giza, nauona kuwa ni kazi nyingine ambayo mtu huhitaji wenzake ili aimalize vema.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, Dominika ya nne ya Julai. Ni siku njema, lakini mwaka una siku nyingine nyingi. Enyi wazazi, mpeni mzee kazi ambayo nyumba inaihitaji kweli: kuchambua maharagwe, kushona wavu, kumbembeleza mtoto. Msimkatize anapokumbuka, wala msimbishie anaposahau. Na mkisikia uvumi juu yake, kaeni naye mbele ya watu wote. Nanyi wanafunzi, mwulizeni jambo moja msilolijua, kisha ngojeni.

Jungu kuu halikosi ukoko. Lakini ukoko haujitoi wenyewe: hapana budi mtu ainame akwangue.