Mbuga ya wanyama kwa shilingi 36

Panda matatu nambari 8 uende Kibera au nambari 46 uende Kawangware, kisha uutazame mkono wa kondakta. Vidoleni amekunja noti, na kiganjani zinalia sarafu. Humo mna simba, ndovu, kifaru na twiga, wanaopita mkono hadi mkono tangu alfajiri hadi usiku. Ni abiria wachache mno wanaowatupia jicho.

Wanyama hao waliingia mifukoni mwetu Desemba 11, 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipozindua sarafu mpya. Twiga alipewa shilingi moja, kifaru tano, simba kumi na ndovu ishirini. Kabla ya hapo, mahali pao palikuwa na sura za marais: Mzee Jomo Kenyatta na Daniel arap Moi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa zetu. Sura zikaondoka, wanyama wakaingia.

Vijana wa mitaa hii wana majina yao. Kifaru ni kobole, simba ni ashuu na ndovu ni mbao. Twiga maskini thamani yake imeshuka, hata mwenye kioski akikosa chenji hukupa peremende badala yake.

Msomaji, ukitaka kuanza mkusanyo wa sarafu za wanyama huna haja ya kwenda mbali. Kopo la mama mboga katika soko la Toi au la Kawangware ni jumba dogo la makumbusho. Jumlisha twiga, kifaru, simba na ndovu, upate shilingi 36. Ndiyo, katika nyumba nyingi za hapa mbao ni mboga ya jioni, na hakuna mzazi atakayeifungia sandukuni kwa furaha. Basi mtoto na aweke mmoja mmoja, na wengine awatazame vizuri kabla ya kutumwa dukani. Asizisugue kwa mchanga wala majivu, kwani sarafu iliyokwaruzwa hupoteza thamani kwa wakusanyaji.

Wazee nao wana yao. Huko Makina, Kibera, zilikokita mizizi familia za Wanubi waliotokana na askari wa kikoloni, mzee wa umri mkubwa hatashangaa ukimtajia ndururu, ile senti tano yenye tundu katikati na pembe za ndovu kandokando. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1921, ilikuwa na simba aliyesimama mbele ya milima. Majirani zetu hawakubaki nyuma. Tanzania ilipotoa sarafu zake 1966, sungura alikaa kwenye senti hamsini na mbuni kwenye senti ishirini. Huko Tabora, vita vilipopamba moto mwaka 1916, Wajerumani walitengeneza katika karakana ya reli sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya ndovu.

Desturi hii ni ya kale. Miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, Julius Caesar wa Roma alitoa sarafu ya fedha yenye ndovu anayekanyaga nyoka. Mwaka 248, Kaisari Philip aliposherehekea miaka 1,000 ya jiji la Roma, alichapisha sarafu za simba, paa na hata kiboko, wanyama wa kuonyeshwa watu katika michezo ya sherehe hiyo. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzitafuta kwa hamu. Lakini kiboko wa Mto Nile nchini Misri ametoweka. Sarafu ingalipo, mnyama hayupo.

Na hapo ndipo kobole yako inapokuwa nzito. Mnamo 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Majangili waliwaua kwa ajili ya pembe, na kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini walikuwa wamebaki chini ya 400. Idadi yao imeongezeka tangu hapo kwa sababu ya ulinzi mkali. Hata hivyo Machi 19, 2018, huko Ol Pejeta, alikufa Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini. Miezi tisa baadaye kifaru akatokea kwenye sarafu.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, iko kilomita chache tu kusini mwa Kibera. Ndani yake wanaishi twiga, kifaru na simba. Ni ndovu peke yake asiyezurura humo. Wako watoto wengi Kibera na Kawangware ambao wamemshika simba mkononi kila siku lakini hawajawahi kumwona, kwa kuwa kiingilio na nauli ni mzigo kwa mzazi.

Tangu M-Pesa ije 2007, mlio wa sarafu unazidi kufifia mitaani. Kabla haujanyamaza kabisa, mpe mtoto wako hao wanne, umweleze kila mmoja anaishi wapi na nani anamwinda. Shule au kanisa likiandaa safari ya mbugani, naye aende na sarafu zake mfukoni, akawalinganishe na wenyewe.