Kitale na Bungoma: Nafsi Inaposafiri Bara

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, mtu wa pwani aendaye Kitale hupanda. Huiacha bahari nyuma yake, akapita Nairobi, Nakuru na Eldoret, hata kanzu ya pamba ikashindwa na baridi ya alfajiri. Mji ule uko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na mashamba ya mahindi, na upande wa magharibi umesimama Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, wenye kimo cha mita 4,321. Autazamaye hufahamu vyema kwa nini aya ya 37 ya Surat al-Israa, inapotukataza kutembea kwa maringo, inatukumbusha milima.

Tulikwenda huko walimu watatu wa madrasa, kuzuru misikiti na vyuo vya ndugu zetu. Kitale ina masimulizi ambayo mtu wa pwani yampasa ayasikilize kwa utulivu. Husimuliwa kwamba kabla ya walowezi wa Kizungu kuichukua ardhi ile, na kabla ya reli kufika mwaka 1926, mahali pale palikuwa kituo katika njia ya misafara ya watumwa. Katika viwanja vya klabu iliyojengwa zama za walowezi huonyeshwa mduara wa mawe, na wenyeji husema kuwa hapo ndipo watumwa walipokusanywa.

Misafara ile ilitoka wapi? Ilitoka kwetu. Miongoni mwa walioiongoza walikuwamo watu wenye kusali sala tano, waliojiita wastaarabu, na waliowafunga minyororo wakawaita washenzi. Minyororo imeondoka. Maneno yale mawili tunayo bado majumbani mwetu.

Hapa ndipo pa kuitambua nafsi. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyaa, aliweka mlango mzima wa kibri na kujiona miongoni mwa mambo yenye kuangamiza. Akataja sababu saba ambazo watu hujitukuza kwazo: elimu, ibada, nasaba, uzuri, nguvu, mali na wingi wa wafuasi. Zingatia kwamba mbili za mwanzo ni mambo mema. Mwanafunzi wa dini hujilinda na ulevi na zinaa, akadhani nafsi imekwisha kutii, kumbe imehamia katika kilemba chake. Na ya tatu, nasaba, ndiyo maradhi yetu sisi wa pwani. Abu Dharr (R.A.), sahaba mkubwa, alipomtusi mtu kwa ajili ya mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa ndani yake bado mna ujahili. Ikiwa mabaki hayo yalipatikana kwa Abu Dharr, ni nani kati yetu atakayejitoa?

Kutoka Kitale tuliteremka kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, chini ya vilima vya Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walijihami huko ndani ya ngome yao, wakashambuliwa na kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na C. W. Hobley, kikiwa na askari wa Kisudani. Kwa hiyo wengi wa mababu wa eneo hili waliwaona kwanza watu wa dini yetu nyuma ya bunduki au mbele ya msafara. Mbukusu aliyeupokea Uislamu baada ya hayo amevuka jambo ambalo sisi, tuliozaliwa karibu na mnara wa msikiti, hatukuvuka.

Bungoma walitupokea kwa salamu ya "mulembe", yaani amani, kisha kwa "Assalaamu alaykum", nayo ni amani vilevile. Katika chuo kimoja, watoto walikuwa wakisoma Juzuu Amma, na lahaja ya nyumbani ikisikika katika herufi. Mwenzetu mmoja akatabasamu, akanong'ona kuwa huku herufi zinaugua. Maalimu wao, mzee wa Kibukusu, alimsikia. Akasema kwa upole, "Tuombeeni, masheikh. Sisi twasoma kwa tabu, na Mtume ametuahidi asomaye kwa tabu kuwa ana ujira mara mbili." Hakuongeza neno. Mwenzetu akainama, akaketi mkekani pamoja na watoto mpaka darasa likaisha.

Ilipofika adhuhuri, waumini walitufungulia safu, wakataka mmoja wetu asalishe. Ewe msomaji, nafsi ilikuwa kazini pande zote mbili. Kwa atakayetangulia itasema, "Hii ni haki yako." Kwa atakayekataa itasema, "Tazama unyenyekevu wako." Aliyetuokoa ni mzee aliyeketi nyuma: "Imamu wetu yupo, wageni wapumzike." Na hiyo ndiyo sunna, kwamba mwenye mahali ndiye mwenye haki ya kutangulia. Tukasali nyuma ya imamu wao, bega kwa bega na vijana wa bodaboda. Hapo nikaona kuwa nafsi haishindwi kwa kujadiliana nayo, kwani ina jibu kwa kila hoja. Hushindwa kwa kuifungamanisha na adabu ya sheria, mtu akafanya lililo wajibu wake bila kujitazama.

Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tukipime kipimo hicho nyumbani. Akija kijana wa Bungoma kuposa, na jibu la kwanza likawa "huyo ni mtu wa bara", kabla ya kuuliza dini na tabia yake, basi tumekwisha kuiona nafsi ilipoketi. Mtoto akitukosoa kwa haki, na tumshukuru mbele ya wenzake. Na kila usiku, kabla ya kulala, mzazi ajiulize: leo nimemwona nani kuwa yu chini yangu? Kisha amtaje mtu huyo kwa jina katika dua yake.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe aibu za nafsi zetu kabla hatujaziona aibu za wenzetu, na utujaalie kuwa miongoni mwa wanyenyekevu. Amin.