Jibu na Maana: Juu ya Kitendawili na Chemshabongo

Katika kila mchezo wa maneno mna mambo mawili ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa ni jambo moja: kupata jibu na kupata maana. Anayetegewa kitendawili akakitegua hupigiwa makofi. Anayejaza chemshabongo ya miraba akafika kwenye kisanduku cha mwisho hulikunja gazeti lake akaridhika. Wote wawili wamefaulu, wala hapana wa kuwanyima sifa hiyo. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa lugha liko swali jingine lililo zito zaidi: je, baada ya mchezo, lipo neno walilonalo ambalo hapo awali hawakuwa nalo?

Swali hili humshughulisha sana mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa bara, ambaye amejaza chemshabongo kwa miaka mingi. Hutumia penseli, na kando yake huweka daftari lenye safu mbili. Katika safu ya kushoto huandika kila neno alilolipata kwa msaada wa herufi za maneno mengine pasipo kulijua. Safu ya kulia huiacha tupu mpaka atakapoweza kulitungia neno hilo sentensi ambayo Mswahili wa Pwani hataicheka. Ziko siku ambazo mraba wote umejaa na safu ya kulia haina hata mstari mmoja. Kwa hesabu yake mwenyewe, siku hizo amecheza lakini hakujifunza kitu.

Sababu mojawapo ya hali hiyo imo katika muundo wa mchezo wenyewe. Chemshabongo ya miraba ni mgeni katika Kiswahili. Ile inayotambuliwa kuwa ya kwanza ilichapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ikiwa na umbo la almasi, na mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Ilibuniwa kwa lugha ambayo konsonanti hurundikana na silabi nyingi hufungwa. Kiswahili hakiko hivyo. Maneno yake ya asili huishia kwa irabu, na mengi ya mkopo hulainishwa yafuate kawaida hiyo. Kwa hivyo, mjazaji aliyekwisha kupata konsonanti hujua kuwa, mara nyingi, kisanduku kinachofuata kinangoja irabu, na irabu ni tano tu. Mathalani, kidokezo kikisema "aina ya upepo", nafasi zikiwa nne, na maneno yanayokatiza yakiwa yamekwisha kutoa k na s, mjazaji hodari ataandika kusi hata kama hajawahi kulisikia neno hilo likitamkwa.

Amepata jibu, na jibu ni sahihi. Lakini kusi ni ule upepo uvumao kutoka kusini takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, naye mwenzake kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa upepo wa kaskazi majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kwa upepo wa kusi yalirejea. Maneno kusini na kaskazini yamezaliwa humo kwa kuongezewa kiambishi -ni tu, na mtoto wa Nyeri au Kakamega huyatumia kila siku katika somo la jiografia bila kuhisi upepo wowote ndani yake. Mwalimu aliyetajwa aliujua uhusiano huo kwa kuuliza, kwani mraba ulikuwa umekwisha kumruhusu apite. Tangu siku hiyo ramani iliyoning'inia darasani kwake husomwa kwa jicho la mabaharia.

Yafaa kutambua pia kwamba mchezo huu una hisani zake. Leo kidokezo cha paa ni mnyama wa porini. Kesho ni sehemu ya juu ya nyumba. Keshokutwa ni kwenda angani, na siku nyingine ni kuondoa magamba ya samaki. Mjazaji huzinduka kuwa umbo moja laweza kubeba maana nne zisizohusiana. Lakini kuzinduka huko ni mwanzo tu. Kinachoamua ni paa yupi anayekusudiwa ni sentensi, na sentensi haimo katika visanduku.

Wachezaji wa kinyume walilijua jambo hilo tangu zamani. Katika mchezo huo wa Waswahili, ambao Edward Steere aliutaja katika maandishi yake ya mwaka 1870, silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa: kitabu huwa bukita, na nyumba huwa mbanyu. Kuna maneno ambayo yakigeuzwa hutoa maneno mengine kamili. Kata hugeuka taka. Mali hugeuka lima. Msikilizaji akiambiwa "taka" peke yake hawezi kujua kama ni uchafu, au ni kutamani, au ni kata ya kuchotea maji iliyofichwa. Atalijua kwa kuyasikia maneno yaliyolizunguka, na kwa kuwa na maneno hayo tayari. Kinyume humnufaisha mwenye lugha, na humfungia nje asiye nayo.

Kitendawili, kwa upande wake, huonyesha hatari ya jibu kuliko mchezo mwingine wowote. Hapana mwanafunzi wa shule nchini Kenya asiyejua kuwa popoo mbili zivukazo mto ni macho. Jibu hulitoa kabla mtegaji hajamaliza. Akiulizwa popoo ni nini, wengi husema ni yule mnyama arukaye usiku. Laiti wangeisikiliza sarufi! Mnyama huyo ni popo, na popo wawili wangevuka mto wakiwa wawili. Mbili na zavuka hutangaza waziwazi kuwa wavukao si viumbe hai. Popoo ni tunda la mpopoo, gumu, la mviringo, litafunwalo pamoja na tambuu na chokaa. Aliyeliona tunda hilo mkononi mwa bibi wa Mombasa huuona mviringo wa jicho, kisha hustaajabia vipi kitu hicho kimefika ng'ambo bila kulowa. Asiyeliona hubaki na macho yaliyovuka mto pasipo popoo yoyote.

Je, ni kosa la mwanafunzi? La hasha. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, kitendawili kilipoulizwa kilifuatwa na majibu manne, na mtahiniwa alitakiwa kuchagua moja. Vitabu vya marudio navyo vilipanga vitendawili kwa makumi, jibu mkabala na swali. Kitendawili ambacho jibu lake limekaririwa hakitegi tena. Husalia kama jozi ya maneno, sawa na kidokezo na visanduku vyake.

Utaratibu wa asili ulikuwa na dawa yake. Aliyeshindwa alidaiwa mji. Mtegaji aliupokea, akajisifia safari yake na vyakula alivyokula huko, ndipo akalifichua jibu mbele ya wote. Mji ulikuwa malipo, lakini pia ulikuwa muda: nafasi ya kukaa na neno, kuliuliza, na kucheka. Chemshabongo ya gazeti haina nafasi hiyo, kwa kuwa ufumbuzi huchapwa bila mtu wa kuulizwa.

Mwalimu mwenye daftari ameurejesha mji darasani kwa namna yake. Humdai hata aliyejibu sawasawa. Mwanafunzi akisema "macho", huambiwa akalete popoo, ama tunda lenyewe, ama mtu aliyewahi kulitafuna, ama sentensi tatu ambamo neno hilo linafanya kazi. Wengine hunung'unika kuwa mtihani hautauliza hayo, na wanasema kweli. Vitendawili vitatu kwa muhula ndivyo darasa lake huvimaliza, ilhali darasa la jirani limekwisha hamsini. Lakini darasani kwake mtoto aliyeuliza kwa nini ni mbili na si wawili hakujibiwa papo hapo. Aliombwa mji, akautoa, na wenzake wakasogeza viti karibu.