Fizikia ya Mpemba

Barabara itokayo Moshi hadi Mweka hupanda kati ya migomba na mibuni mpaka kwenye Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori. Wengi waipitao ni wapandaji wanaorejea kutoka Kibo. Wachache wajua kuwa mwaka 1969 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi hapo, wakati makala yake na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Dar es Salaam, ilipochapishwa Uingereza.

Habari yenyewe yajulikana. Mwaka 1963, akiwa kijana wa shule huko Magamba, Mpemba alitia maziwa ya moto katika jokofu, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu alichekwa. Mwalimu mmoja alimwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu. Kejeli hiyo hunifurahisha kila niikumbukapo, kwani imegeuka kweli kwa namna ambayo msemaji hakuikusudia.

Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza kwa nini madini fulani, yakipozwa sana, hupitisha umeme pasipo kizuizi chochote: elektroni zake hufungamana jozi jozi. Katika hesabu yao idadi ya jozi haikukazwa. Wastani wake wajulikana, hesabu kamili haijulikani. Wanachuoni husema kuwa hapo ulinganifu umevunjika. Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese waliuliza mwaka 2023: tukianza na mnyororo wa chembe wenye hali kama hiyo, kisha tukauacha uende, sehemu yake moja itapona baada ya muda gani? Jibu lilikuwa la ajabu. Mara nyingine iliyovunjika zaidi ndiyo hutangulia kupona. Wakalipa jambo hilo jina la Mpemba, na mwaka 2024 wakaonyesha kuwa siri imo katika jozi zilezile: hali yenye jozi chache za mwendo wa pole huwahi kupona, ingawa jozi zake zote ni nyingi.

Hesabu hizo ni za chembe zinazogusana na jirani tu, mfano wa maji ya mfereji wa Wachaga yapitayo shamba kwa shamba. Lakini maumbile yana pia kani zilizo kama mbiu, isikikayo mlima mzima ijapokuwa hufifia kwa umbali. Hapo hesabu safi ya jozi haitoshi tena. Huko Innsbruck, Austria, ioni 12 za kalisi zilinaswa katika mstari mmoja, zikiathiriana kwa mbali, na mwaka 2024 ilitangazwa kuwa jambo lilelile limeonekana: zilizopotoka zaidi zilitangulia.

Ubishi umebaki kwenye maji. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima tena na kuzipitia taarifa za wengine, wasione ushahidi wa kuwaridhisha. Basi jina hili limesimama imara zaidi katika ioni kuliko katika maziwa ya Magamba. Nami naona swali la maji lastahili kupimwa upya hapa hapa: maziwa, sukari na jokofu havikosekani Moshi.