Amana ya Tarishi

Katika zama zile Bariadi ilipokuwa wilaya tu miongoni mwa wilaya za Mkoa wa Shinyanga, kabla ya mwaka 2012 ambapo Mkoa wa Simiyu uliasisiwa na mji wetu ukawa makao yake makuu, kwa miaka mingi hapakuwa na taarifa ya ofisi iliyofika mkoani isipobebwa na mtu. Hesabu za pamba na orodha za mishahara zilitiwa katika bahasha, zikapigwa lakiri, kisha tarishi akapanda basi la alfajiri kupitia Maswa. Na wakati wa masika, udongo mweusi wa mbuga ukishalowa, hakuna aliyethubutu kuapa kwamba atafika siku ileile. Hata hivyo, ndani ya taabu hiyo palikuwa na jambo moja imara: mpokeaji wa masjala alitia saini na tarehe katika daftari la kupelekea barua, naye tarishi alimjua kwa sura, hata lau mwingine angejitokeza dirishani na kudai bahasha, tarishi angerudi nayo Bariadi.

Kompyuta zilipoingia, bahasha ikawa flashi, nayo aghalabu ilirejea na virusi. Zama hizo sina hamu ya kuzikumbuka. Baadaye, mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipokwisha kuanza kazi Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na mkongo wa taifa ukasambazwa kuelekea bara, nasi tukapata modemu, ingawa barua pepe ilikataa kubeba mafaili makubwa. Ndipo alipotujia kijana wa TEHAMA kutoka Mwanza, akatuwekea WinSCP, programu ya bure ya kuhamisha mafaili, iliyobuniwa na Martin Přikryl na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2000.

Kuiweka si kazi: unaipakua, unakubali masharti, unaandika anwani ya seva, jina lako na neno la siri, na papo hapo kioo kinagawanyika pande mbili, kushoto mafaili yako, kulia yale ya mbali, ukawa unayaburuta tu. Tena umeme ukikatika katikati ya faili kubwa, kazi huendelezwa pale ilipoishia, fadhila ambayo mtu wa Bariadi hahitaji kufafanuliwa.

Lakini kabla kioo hakijagawanyika, katika muunganisho wa kwanza, programu huonesha mfululizo wa herufi na tarakimu, ambao ni alama ya utambulisho wa seva, ikauliza kama unaiamini. Swali hilo lina asili yake. Utaratibu wa zamani wa kuhamisha mafaili, FTP, ulioanza mwaka 1971, uliyapitisha maneno ya siri waziwazi. Na mwaka 1995, baada ya wadukuzi kuyanasa maneno ya siri katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Tatu Ylönen, aliyekuwa mtafiti hapo, akabuni SSH, utaratibu unaotumiwa na WinSCP, ambao husitiri mazungumzo yote na kuitaka seva ithibitishe kuwa ndiyo yenyewe. Wengi hukubali bila kusoma, na kwa rai yangu huko ni kumkabidhi bahasha yeyote aliyesimama dirishani, kwani usiri wa njia haufai kitu ikiwa aliye mwisho wa njia ni laghai.

Kwetu iliwekwa kanuni, nayo ilitoka kwa karani mkongwe ambaye hakuwahi kugusa kompyuta: mtunza seva apigiwe simu, aisome alama yake herufi kwa herufi, nasi tuilinganishe na iliyo kiooni. Vijana walinung'unika, wakaiita kanuni ya wazee. Kisha siku moja likazuka onyo kwamba alama imebadilika, na simu ikapigwa. Ilibainika kuwa mashine ilikuwa imebadilishwa kwa nyingine mpya, wala hapakuwa na hila yoyote. Orodha ya mishahara ikaondoka alasiri badala ya asubuhi, na karani yule akataka jina la aliyejibu simu liandikwe, pamoja na saa.