Vizimba vya Samaki Ziwani

Msomaji, pengine umekwisha kula ngege mara nyingi bila kuuliza alikotoka. Zamani swali hilo lingekuwa la upuzi, kwa kuwa samaki alitoka ziwani kama mvua itokavyo mawinguni, na mvuvi alivuna asichokipanda. Siku hizi jibu lake si fupi tena.

Mimi ni mwalimu katika shule iliyo kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Siaya. Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini sehemu ya Kenya ni 6 tu katika kila 100. Katika sehemu hiyo ndogo wavuvi wamezidi, matundu ya nyavu yamepungua hata watoto wa samaki huzolewa, na gugumaji huziba bandari lipendapo. Mtumbwi hutoka usiku ukarudi asubuhi na samaki wasiotosha hata kulipia mafuta ya mashine.

Hiyo ndiyo sababu ya vizimba. Kizimba ni fremu ya mbao au chuma, imefungiwa mapipa matupu ili ielee, na chini yake umening'inizwa wavu mfano wa chandalua kilichopinduliwa. Kilicho kidogo huwa na meta 2 kila upande. Hutiwa vifaranga vya ngege, hasa madume, maana dume hukua upesi kuliko jike. Tena ngege hutaga katika shimo alilolichimba mchangani. Kizimbani hapana mchanga, basi nguvu zake huingia katika mwili wake. (Ngege huyu, nawaambia wanafunzi wangu, si mwenyeji wa asili, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950.) Baada ya miezi 6 hadi 8 huwa tayari kuuzwa.

Faida yake ni dhahiri kwa asiye na shamba, kwani bwawa lataka ardhi na kizimba hakitaki, na maji hujibadilisha yenyewe. Lakini faida niipendayo kuliko zote ni nyingine. Kwa desturi ya ufuo wetu mwanamke hakuvua. Alisimama mchangani akingoja mitumbwi, na bei aliambiwa. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alingoja hivyo miaka mingi. Sasa yeye na wenzake wana vizimba vyao. Vifaranga huvitia mwezi wa Mei, na samaki huwa tayari Januari shule zifunguliwapo. Yeye ndiye atajaye bei, na mnunuzi ndiye angojaye.

Nisikufiche, ewe msomaji, kwamba kazi hii ina meno. Chakula cha samaki hula zaidi ya nusu ya gharama yote, na mkulima akizidisha, mabaki huzama yakaoza na kuyachafua maji yale yale anayoyategemea. Wavuvi nao hunung'unika kuwa njia zao zimezibwa, na katika hilo naona wana haki. Ubaya mkubwa zaidi ni ule wa maji ya chini yasiyo na hewa yapandapo juu kwa msukosuko wa upepo. Samaki aliye huru aweza kukimbia. Wa kizimbani atakwenda wapi? Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi mno wa vizimba walikufa katika sehemu yetu ya ziwa, na watu waliokopa fedha waliona mali yao ikielea tumbo juu.

Kwa hiyo mahali pa kutia nanga ni jambo kubwa kuliko kizimba chenyewe. Ghuba zilizotulia hupendeza kwa kuwa ziko karibu na nyumbani na wezi huonekana, lakini maji yake ni haba na hayatembei. Akina mama wale walihamisha vizimba vyao mwaka uliofuata, wakavipeleka penye kina na mkondo. Safari ya kwenda kulisha sasa huchukua karibu saa nzima ya kupiga kasia, nao huifanya kwa zamu, alfajiri na jioni.